Runinga Haioni

Nyamizi Kasubi alikuwa anaonja asali kwenye kibanda cha jirani yake Kalunde, katika soko kuu la Tabora, wakati mwanamke mmoja mgeni alipojisogeza mbele yao, akamtazama Kalunde kwa huruma na kumwambia, "Pole sana, mama. Na mimi marehemu wangu aliacha shati ambalo mpaka leo nashindwa kulifua."

Kalunde alitabasamu vile wafanyabiashara wanavyotabasamu wasipomwelewa mteja. "Shati gani, dada yangu?"

"Lile la juzi. Ulilolilaza kitandani, ukaingiza mkono wako kwenye mkono wake, ukawa unaongea nalo." Mwanamke yule alijishika kifua. "Kwetu tulilia nyumba nzima. Binti zangu wakaomba kipande kirudiwe."

Nyamizi aliuona uso wa jirani yake ukibadilika. Kalunde alikuwa mjane wa wiki saba. Juzi alikuwa chumbani kwake peke yake, mlango umetiwa komeo, pazia limeshushwa. Kitu pekee kilichokuwa mbele yake kilikuwa ukuta.

Ukuta wa namna hiyo kila mtu alikuwa nao. Mwaka ule wa 2074 ungetafuta kwa tochi nyumba ambayo Kampuni ya Nurukuta ilikuwa haijaipaka. Mafundi walikuja na makopo na brashi kama wapaka rangi wa kawaida, wakapaka ukuta mmoja wa sebuleni na mmoja wa chumbani, bure, na rangi ilipokauka ukuta ukawa runinga. Mpira, taarifa ya habari, mawaidha, masomo ya watoto, vyote vilitoka humo. Na kila jioni kilitoka kipindi kilichopendwa kuliko vyote, Mlango kwa Mlango, ambamo watu walilia, wakagombana na kupatana ndani ya nyumba zao. Watazamaji waliambiwa kwamba ni waigizaji.

Kufika saa sita mchana wateja wengine wanne walikuwa wamempa Kalunde pole, na wapagazi wa viazi walikuwa wanaitana kwa maneno aliyomwambia marehemu mumewe: "Geuka basi unitazame." Kalunde alifunga kibanda. Nyamizi akamsindikiza nyumbani, na walipofika Kalunde hakuketi. Alichukua blanketi na nyundo, akapanda kitandani, akalipigilia misumari juu ya ukuta.

"Mwanga umezibwa," ukuta ulisema kwa sauti ya adabu. "Tafadhali ondoa kizuizi."

"Nyamizi," Kalunde alisema, nyundo bado mkononi, "wewe ndiye mtu wa kamusi. Hiki kitu kinaitwa nini?"

"Runinga."

"Runinga haioni. Nimezaliwa nimezikuta runinga. Unaiangalia, yenyewe haikuangalii. Kwenye karatasi niliyosaini waliandika runinga. Sasa hiki kilichoniona mimi kinaitwa nini?"

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi ya kamusi, na neno la nyumbani kabisa lilikuwa limemshinda.

* * *

Kalunde alishtaki. Wakili wake aliegemea sheria moja fupi ya Shirikisho: hakuna atakayeweka kamera ndani ya makazi ya mtu bila ridhaa yake ya maandishi. Nurukuta haikukana kwamba kipande kile kilitoka chumbani kwa mjane. Ilijibu tu kwamba haijaweka kamera popote. Imeweka runinga, na mama huyo aliipokea runinga kwa saini yake mwenyewe.

Jaji Leokadia Mbawala aliusoma mkataba, akaisoma sheria, akaona kesi nzima imesimama juu ya neno moja. Sheria za Shirikisho zilisema kwamba neno likigombaniwa mahakamani, maana yake ni ile iliyomo katika Kamusi Kuu. Lakini Kamusi Kuu ilikuwa na umri wa miaka thelathini, iliandikwa kabla ya habari za kuta. Basi jaji akaiandikia Ofisi ya Kamusi ilete maana mpya ndani ya siku kumi na nne, ikiwa na saini ya mhariri wa herufi husika.

Mhariri wa herufi R alikuwa Nyamizi.

Siku ya tatu aliitwa na mkurugenzi wake, Dakta Habel Luswetula, mzee mpole aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ofisini alimkuta pia mwanamume nadhifu wa makamo, aliyejitambulisha kuwa ni Crispin Mutayoba kutoka Nurukuta. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, na chini yake mstari mtupu wa saini.

Nyamizi aliisoma. *Runinga: chombo cha kupokea na kupeleka picha na sauti baina ya makazi na kituo.*

"Hii imeandikwa na nani?"

"Ni pendekezo," alisema Dakta Luswetula, akiitazama kalamu yake.

"Kupokea nakuelewa. Kupeleka kumetoka wapi?"

Mutayoba ndiye aliyejibu. "Nikueleze kitaalamu kidogo, Bi. Nyamizi. Rangi yetu ni punje. Kila punje ni ndogo kuliko vumbi la unga, na inawaka mara sitini kwa sekunde. Kati ya kuwaka na kuwaka, inapumzika. Sasa, punje inayotoa mwanga ina uwezo pia wa kuuhisi mwanga. Ndivyo ilivyo kwa asili yake, hatukuongeza kitu. Inapopumzika, inahisi kilicho mbele yake, mwanga na sauti pia. Hakuna lenzi, hakuna kamera. Ni runinga ile ile, imepumzika."

"Imepumzika huku inamwangalia mjane chumbani."

"Hakuna mtu aliyekaa akimchungulia. Mashine ndiyo huchagua vipande vyenye hisia."

"Kisha watu milioni arobaini wanaonyeshwa na kuambiwa ni mwigizaji."

Dakta Luswetula alikohoa. "Nyamizi, wewe mwenyewe huwafundisha vijana hapa kwamba kamusi haiamrishi, inarekodi. Lugha imesogea. Watu sasa wanasema runinga inaona. Tuna mifano mia mbili na kumi na miwili." Akamsogezea bahasha nene.

"Na kuna jambo jingine," alisema Mutayoba, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Mzee Kasubi, baba yako, kule Sikonge. Mwezi wa pili alianguka bafuni akatambaa mpaka chumbani. Ukuta ulimwona, muuguzi wetu akapiga simu zahanati, akaokolewa. Wagonjwa wa namna hiyo tunao laki tatu. Mahakama ikisema ukuta ni kamera, sisi tutazima kuta zote siku hiyo hiyo. Hatuwezi kuendesha kamera katika nyumba milioni nne bila ridhaa, ni kosa la jinai. Nadhani unaliona tatizo."

"Sheria haisemi mzime. Inasema muwaombe wenye nyumba."

"Kuwaomba milioni nne si mchezo." Alifunga kitufe cha koti. "Fikiri tu, dada. Juzijuzi umemwambia mzee mwenyewe kwamba umechoka kuwa mtoto pekee anayekuja kumwona. Ukuta unakupunguzia mzigo huo."

Maneno yale Nyamizi aliyasema kweli, ameketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake, akimkata kucha za miguu. Aliyasema kwa sauti ya chini na baadaye akaona aibu. Sasa mwanamume huyu alikuwa anamrudishia kama mtu anayemrudishia jirani sahani yake, tena akingoja ashukuriwe.

"Maneno hayo nilimwambia baba yangu," alisema.

"Ndiyo," Mutayoba alikubali, bila kuona kosa.

Nyamizi alichukua bahasha ya mifano, akaiacha karatasi mezani. "Nitasaini nitakachoandika mwenyewe," alisema, akatoka.

* * *

Alijifungia stoo ya mifano siku nne. Stoo hiyo ilikuwa ndiyo moyo wa Ofisi: kila neno lilikuwa na kasha lake la kadi, na kila kadi ilibeba sentensi moja ambayo mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kuisema au kuiandika. Kasha la *runinga* liliunganishwa na la *televisheni*, na la *luninga*, kwa kuwa wazee waliliandika neno hilo kwa namna zote na kubishana juu ya asili yake bila kuafikiana. Kadi zilikuwa elfu sita na ushee.

Alizipanga sakafuni kwa mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa la chombo chenyewe: *runinga ya chogo, runinga imeungua, shusha runinga mvua inanyesha.* La pili lilikuwa la vinavyotoka ndani yake: *watoto wamezidi runinga, leo hakuna runinga ya maana.* La tatu lilikuwa la watu walio nyuma yake: *runinga imesema uongo, kaka yangu ameajiriwa runinga.* Alijikuta anacheka peke yake kwa kadi moja ya zamani, ya bibi wa Igunga aliyekuwa anajifunga khanga vizuri kabla msomaji wa habari hajatokea, asije akaonekana vibaya. Wajukuu walimcheka, na kicheko chao kilikuwa ni ushahidi: kila mtu alijua kwamba bibi amekosea, kwamba yule wa kwenye runinga hamwoni.

Kisha akafungua bahasha ya Mutayoba. Mifano mia mbili na kumi na miwili, kweli, na yote ilikuwa na kitenzi kile kile. *Runinga yangu inaniona. Runinga imemwona mwizi. Runinga inakuona, mpenzi, usilie.* Alianza kutafuta kila mmoja ulikotoka. Wa kwanza ulitoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Nurukuta. Wa pili pia. Wa hamsini pia. Yote ilikuwa na umri usiozidi miaka mitatu, na yote iliandikwa na waandishi wa kampuni hiyo hiyo, ikatiwa vinywani mwa waigizaji.

Nyamizi alizisukuma karatasi mbali. Alikuwa amekasirika ofisini kwa mkurugenzi, lakini hii ilikuwa hasira ya namna nyingine. Mtu akikuibia kuku unamwita mwizi. Huyu alikuwa ameiba kuku, kisha miaka mitatu kabla ya kukamatwa akawa amewalipa watu wazunguke mtaani wakimwita kuku bata, ili siku ya kesi aseme, mimi kuku sijamgusa.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilimtaka atafute na upande usiompendeza. Alipekua insha za wanafunzi, barua za magazetini, maombi ya kanisani na msikitini. Mwishoni mwa siku ya nne alipata mifano miwili ambayo haikutoka Nurukuta. Mtoto wa shule huko Nzega aliandika, *runinga ilimwona bibi akizimia ikaita watu.* Na mwingine wa Urambo, *baba hatuko naye mchana ila runinga inamtazama.*

Aliziandikia kadi, kwa mkono wake, akaziweka kashani pamoja na nyingine.

* * *

Kasubi Maganga, baba yake, alikuwa na miaka themanini, na arobaini kati ya hiyo alikuwa fundi runinga pale Sikonge. Alianza na zile za chogo alizoachiwa na mjomba wake, akaja za bapa, na mafundi wa Nurukuta walipokuja na brashi zao alifunga duka, kwani rangi haifunguliwi kwa bisibisi.

"Shikamoo baba. Twende nje tuote jua."

"Marahaba mama. Jua gani, mpira umeanza."

"Twende nje, baba."

Alimtazama, akachukua mkongojo wake. Waliketi nyuma ya nyumba kwenye benchi la duka la zamani, na Nyamizi akamweleza yote, kuanzia shati la marehemu mume wa Kalunde mpaka karatasi iliyokuwa mezani kwa mkurugenzi. Mzee alisikiliza bila kukatiza.

"Kwa hiyo ukiandika ni kamera, watazima."

"Wamesema siku hiyo hiyo. Si lazima wazime, lakini watazima ili watu watuchukie sisi."

"Basi usiandike."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, isipokuwa hayo. "Baba, wewe umekuwa fundi. Umeingia nyumba za watu ukafungua runinga zao. Ungekuta mtu ameficha jicho ndani—"

"Usinitege kwa kazi yangu, Nyamizi." Mzee alikuwa anaangalia miguu yake. "Nilipoanguka ile siku, nililala kwenye saruji, mguu umegeukia upande. Niliita mpaka sauti ikakauka. Jirani alikuwa shamba. Wewe ulikuwa Tabora. Nikatambaa mpaka chumbani, ndipo sauti ikatoka ukutani, sauti ya mwanamke, ikaniambia mzee usiogope, wanakuja. Ikawa inaongea nami mpaka wakafika. Mimi naogopa, mwanangu. Naogopa kufa sakafuni kama kuku aliyegongwa. Nikuambie nini zaidi?"

Nyamizi alimshika mkono. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumshinda kwa kumficha, akamwambia na lile jingine: kwamba mtu wa Nurukuta alimrudishia maneno aliyoyasema ukingoni mwa kitanda.

Mzee Kasubi aliinua kichwa. "Yale ya kuchoka?"

"Ndiyo. Nisamehe, baba."

"Hayo nilikwisha kuyasamehe. Nauliza walivyoyajua. Mimi nilidhani anayeona ni yule muuguzi tu." Mle chumbani alikuwa amelia mbele ya ukuta ule, alikuwa amejisaidia kwenye beseni mbele yake, na kwa miezi mingi, kila alasiri, alikuwa amezungumza na mke wake aliyekufa. "Na maneno ninayomwambia mama yako?"

"Sijui, baba. Huenda."

Mzee alipiga mkongojo chini mara moja, akasema kwa kilugha neno ambalo Nyamizi hakuwahi kumsikia akilitamka. Nyamizi alingoja amwambie nenda kaandike. Alitamani sana amwambie.

"Bado naogopa," alisema mzee.

* * *

Mahakamani wakili wa Nurukuta, Edmundi Kisoka, alimkaribisha Nyamizi kwa heshima zote.

"Neno televisheni, mama mhariri, ndilo pacha wa neno runinga. Nasikia lina vipande viwili kutoka lugha za kale za Ulaya. Kimoja maana yake ni mbali, kingine kuona. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kuona mbali. Kuna mahali ndani ya neno pameandikwa ni nani anayeona?"

"Hapana."

"Nashukuru. Sina zaidi."

"Mimi bado ninalo," alisema Nyamizi, akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, maana ya neno haifichwi kwenye mifupa ya lugha za kale. Ipo kwa watu wanaolitumia. Nimesoma kadi elfu sita. Kwa miaka zaidi ya mia, mtu akiwa mbele ya runinga, yeye ndiye anayeangalia. Bi. Kalunde aliposaini karatasi alilijua neno kwa maana hiyo, na waliomwandikia walijua kwamba analijua hivyo. Ndiyo sababu walilichagua."

"Na mifano mia mbili na kumi na miwili?" Kisoka aliuliza akiwa ameketi.

"Yote imeandikwa na mteja wako. Orodha ya waandishi na tarehe ipo kwenye kiambatisho." Minong'ono ilipita ukumbini. Nyamizi aliendelea kabla haijatulia. "Nimepata mingine miwili ambayo si yao. Ya watoto wawili, wote wakisema runinga inawatunza wazee wao. Nimeileta pia, maana ni ya kweli. Lakini ukiisoma, mheshimiwa, utaona watoto hao wameona kitu ambacho Nurukuta inakikana: kwamba humo ukutani mna kitu kinachoona."

Kisha akasoma alichokiandika. *Runinga. Moja, chombo kinachopokea picha na sauti kutoka mbali ili mtu azitazame na kuzisikiliza. Mbili, vipindi vinavyotoka katika chombo hicho. Tatu, kituo au shirika linalorusha vipindi hivyo. Tanbihi: kinachomwona mtu na kupeleka sura yake kwa wengine, hata kikiwa ndani ya runinga, ni kamera.*

Jaji Mbawala alivua miwani. "Bi. Nyamizi, unafahamu yatakayofuata nikiipokea tafsiri hii?"

"Nafahamu. Baba yangu mwenyewe ni mmoja wa wanaotunzwa na ukuta. Ameniomba nisiandike hivi."

"Ungependa kubadilisha neno lolote?"

Kalunde alikuwa ameketi safu ya mbele, amejitanda kaniki mpaka machoni, kwa kuwa hata pale mahakamani watu walimnyooshea vidole. Nyamizi alimtazama, kisha akaitazama karatasi yake.

"Hapana, mheshimiwa."

Hukumu ilisomwa saa nane mchana. Saa tisa kuta zote za Shirikisho zilikuwa nyeupe. Maandishi yalikaa juu yake dakika kumi kabla ya kufifia: *Huduma imesitishwa kwa amri ya Mahakama na tafsiri ya Ofisi ya Kamusi.*

* * *

Nyamizi alikuwa ameomba likizo mapema, na jua la siku ile ile halijazama alikuwa Sikonge. Baba yake hakumsalimu. Alimruhusu ampikie, amwogeshe, amshike kwapa kwenda bafuni, lakini kwa siku tano alizungumza na mkongojo wake tu.

Siku ya sita alikuja mwanamke kutoka mtaa wa pili, akakataa kiti, akasimama mlangoni. Aliitwa Tatu Lusangija. Mama mkwe wake alikuwa na kifafa. Zamani ukuta ulikuwa unampigia Tatu simu kila kifafa kinapomshika bibi. Jana ilikuwa siku ya kuvuna tumbaku. Alimkuta bibi ameanguka kwenye majivu ya jiko, ameshapoa.

"Wanasema wewe ndiye uliyeandika," alisema Tatu. "Nimekuja nikuone."

"Pole, dada."

"Neno lako limetusaidia nini sisi?"

Nyamizi alitaka kusema kwamba sheria haikuwaambia wazime. Ingetosha karatasi moja kwa kila nyumba, na za wagonjwa wangeweza kuanza nazo jioni ile ile. Walichagua kuzima, na walichagua kuandika jina la Ofisi ukutani badala ya jina lao. Yote hayo yalikuwa kweli, na aliyasema.

Tatu alisikiliza. "Lakini ulijua watazima."

"Nilijua."

"Basi na wewe umo," alisema Tatu, na akaondoka.

Siku hiyo Nyamizi hakuweza kula. Aliandika barua kwa jaji, kwa Wizara, kwa magazeti matatu, kila moja na jina la marehemu bibi juu kabisa, Mwashi Lusangija, miaka sabini na moja, na kila moja ikiuliza kwa nini kampuni inayojua kupaka nyumba milioni nne inashindwa kugonga milango laki tatu kuomba ruhusa. Mkono ulimuuma kwa kuandika. Baba yake alimwangalia kutoka kitandani, na mwishowe akasema maneno ya kwanza tangu alipofika.

"Andika na umri wangu."

Barua mbili zilichapishwa. Wazee wengine wakaandika, na wauguzi wenyewe wa Nurukuta, ambao nao waliachishwa kazi saa ile ile kuta zilipozimwa, walijipanga nje ya makao makuu na mabango. Ofisi ya Kamusi ikamhamishia Nyamizi herufi X, ambayo kwa Kiswahili haina neno hata moja, ndiyo adhabu pekee ambayo Dakta Luswetula aliweza kuibuni bila kumfukuza. Kalunde alilipwa fidia, akafungua kibanda tena. Wapagazi hawakuacha mara moja kumwigiza. Ila sasa aliwajibu kwa majina yao na ya mama zao, na baada ya muda wakachoka.

Siku ya thelathini na nne, binti mmoja aliyevaa fulana ya Nurukuta alibisha hodi Sikonge, akiwa na rundo la fomu. Alikuwa anatembea nyumba za wagonjwa tu, na wauguzi walikuwa wamerudishwa kazini. Mzee Kasubi alimwambia aketi, akamtaka asome fomu yote kwa sauti, na binti akasoma: *Mimi niliyetia saini hapa chini naridhia kuwekewa kamera chumbani kwangu...*

Mzee alinyoosha mkono apewe kalamu. Nyamizi alimpa. Aliishika juu ya mstari, kisha akasita.

"Nani atakayeniona?"

"Muuguzi, babu."

"Muuguzi nani?"

Binti alipekua fomu mbele na nyuma. "Haijaandikwa, babu. Ni muuguzi tu wa zamu."

"Mjukuu wangu, mimi sina shida ya kuonwa. Nimeshaonwa vya kutosha, nimeonwa mpaka nikiwa juu ya beseni. Lakini mtu anayeingia chumbani kwangu hupiga hodi, na akiulizwa nani, hutaja jina." Alimrudishia fomu ikiwa tupu. "Nenda kawaulize majina yao. Wote watakaonitazama. Uyaandike hapa, halafu urudi nisaini."

"Babu, wakichelewa? Ukianguka?"

"Nitaanguka," alisema mzee. Nyamizi aliyekuwa karibu aliona jinsi alivyoogopa, na mzee hakujaribu kumficha binti. "Nenda, mama. Usikawie."

Alirudi baada ya siku tano, viatu vimejaa vumbi. Pembeni mwa fomu palikuwa na majina matatu ya wauguzi, kila moja kwa mwandiko wake tofauti: Restituta Ngassa, Mwajabu Kitwana, Yusta Malale. Mzee Kasubi aliyasoma moja moja kwa sauti, kisha akasaini.